Ufundi Usingoje Mtu Afeli

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, mazungumzo ya namna moja hurudiwa katika nyumba nyingi za Tanzania, za mjini na za shamba, kana kwamba wazee wote wamekutana faraghani wakaafikiana maneno ya kusema. Mtoto aliyepata daraja la kwanza au la pili huulizwa ni shule gani atakayopangiwa Kidato cha Tano. Aliyepata la tatu au la nne hushauriwa ajaribu uuguzi, ualimu au chuo chochote kitakachompokea. Na yule aliyeangukia sifuri, baada ya kutazamwa kwa huruma na kunong'onwa kwa siri, hupata mjomba au shangazi mmoja wa kumtetea, akasema kwamba dunia haijesha, mpelekeni VETA akajifunze ufundi apate riziki yake. Nasaha hiyo hutolewa kwa mapenzi, wala haina ubaya kwa yule inayemhusu, maana vijana wengi wameokolewa nayo. Ubaya wake huwapata wengine wote: kwa kuwa ufundi umetajwa nyumbani kwa mara ya kwanza siku ya msiba wa mtihani, wadogo zake waliokuwa wakisikiliza hujifunza kwamba karakana ni mahali pa kupelekwa aliyeshindwa, na kwamba mwenye akili hana haja napo.

Wanaotaka elimu ya ufundi ipendwe na wanafunzi wa sekondari, nao ni wengi siku hizi serikalini na viwandani, hawana budi kuanza na habari hiyo, kwa sababu hapana hotuba wala bango litakaloishinda. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini ufundi umeshushwa hadi hapo, una nini ndani yake kinachostahili akili ya mwanafunzi aliye bora darasani, na kwa njia gani kijana anaweza kuvutwa kwake kwa insafu, bila kurubuniwa na bila kutishwa.

Dharau hiyo haikuzaliwa nasi. Katika miji ya pwani fundi alikuwa mtu wa daraja, na waliochonga milango ya Lamu na Unguja, waliounda majahazi Matondoni na Nungwi, waashi wa mawe ya matumbawe na chokaa, masonara na wahunzi, walijulikana kwa majina na kutafutwa kutoka mbali. Elimu yao ilipita nyumbani, kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mwana, na wazee waliposema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walikuwa wakieleza utaratibu kamili wa mafunzo: mtoto alianza kwenye mivukuto, akalizoea joto na rangi ya chuma, na siku aliyokabidhiwa nyundo alikwisha kuona kazi elfu zikifanywa mbele yake.

Hata shule za kigeni zilipoingia, ufundi haukuachwa nyuma. Mapadri waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala, uashi na uhunzi pamoja na kusoma. Na Wajerumani, walipoanzisha shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, waliambatisha nayo karakana na mtambo wa kupigia chapa, ambako gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Yafaa kulitafakari jambo hilo kwa makini: wakati ambapo magazeti ya Kiswahili yangali yanahesabika kwa vidole, mojawapo lililosomwa na makarani na walimu wa nchi nzima lilitoka katika shule iliyofundisha kalamu na mtambo chini ya paa moja.

Kilicholeta mfarakano baina ya kalamu na mtambo ni mshahara na kivuli. Utawala wa kikoloni ulihitaji makarani, wakalimani na walimu, ukawalipa kwa mwezi, ukawakalisha ndani ya nyumba, ukawavalisha nguo nyeupe. Ilhali fundi aghalabu alilipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi, akachomwa na jua, na akipata ajali hakuna aliyemjua. Kisha mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa na Dakta Aggrey wa Gold Coast miongoni mwa wajumbe wake, ilizunguka Afrika ya Mashariki ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijiji chake, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Katika ushauri huo mlikuwa na mema mengi. Walakini wazee wetu walitazama wakaona kwamba watoto wa watawala hawakushauriwa vivyo hivyo, wakahitimisha kwamba jembe na patasi vinasifiwa ili kalamu ibaki mikononi mwa wengine. Shaka hiyo ilikuwa na sababu zake, nayo imerithiwa hata na watu wasiojua ilikotoka.

Ni kweli kwamba miaka ya 1950 ilileta taasisi zilizokuwa na heshima kubwa. Mombasa ilipata chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kilichojengwa kwa auni ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa ya Mabohora na serikali ya Uingereza, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Tanganyika ilipata shule za ufundi Ifunda na Moshi, na mwaka 1957 Dar es Salaam ikafunguliwa taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Waliopita huko walishika mitambo ya reli, bandari, umeme na migodi baada ya uhuru, na wengi wao walikuwa vijana waliochaguliwa kwa ubora, si kwa kukosa pa kwenda.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isimtenge mtoto na kazi inayomlisha yeye na wazazi wake. Na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikagawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Fikra ilikuwa njema, lakini utekelezaji wake ulipita mikononi mwa watu, na katika shule nyingi jembe likageuka adhabu ya mchelewaji. Mwanafunzi aliyeamriwa kulima ngwe mbili kwa kosa la kuzungumza darasani hakuhitaji mtu wa kumfasiria daraja la kazi ya mikono katika macho ya mwalimu wake.

Muda mfupi kabla ya waraka huo, mtaalamu aitwaye Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, aliandika mwaka 1965 hoja ambayo haijapitwa na wakati. Alisema kwamba wanaodhani vijana hukimbilia kazi za ofisini kwa sababu ya masomo wanayofundishwa wamekosea. Vijana hukimbilia huko kwa sababu wanaona wazi mahali palipo na fedha, usalama na kupanda cheo, na kubadili mtaala bila kubadili mambo hayo hakubadili matamanio yao. Kwa maneno mengine, mwanafunzi si mjinga. Anapomwona fundi wa mtaani akidai malipo yake kwa mwezi mzima, na karani akichukua mshahara wake kila tarehe 25, amekwisha kupata somo ambalo hakuna mwalimu wa unasihi atakayelifuta kwa maneno matamu.

Kwa hiyo anayetaka kumvuta kijana kwenye ufundi sharti amjibu mambo matatu ambayo kijana huyo tayari anayapima kimoyomoyo: je, kazi hii inaitaka akili yangu, je, ina njia ya kwenda mbele, na je, walioifanya wanaishi vipi?

Tuanze na akili. Mtu asimame asubuhi mahali panapojengwa nyumba, amwangalie fundi mwashi akipanga msingi. Hana kitabu mkononi, ana kamba, mambo na futi. Hupigilia mambo ya kwanza penye pembe ya nyumba, akavuta kamba upande mmoja akaitia alama kwenye mita 3, akavuta upande wa pili akaitia alama kwenye mita 4, kisha akamwita kibarua ashike futi kati ya alama mbili hizo. Ikisoma mita 5 kamili, pembe ni mraba. Ikisoma mita 4 na sentimita 96, kamba ya pili husogezwa ndani au nje mpaka hesabu ikubali, maana kosa dogo hapo litaonekana kwenye paa, ambako mabati hayatakaa sawa wala marumaru za sakafuni hazitakutana na ukuta. Wakati huo huo, katika shule iliyo upande wa pili wa barabara, wanafunzi wanakariri kanuni ya Pythagoras bila kujua ni ya nini. Mwashi na mwalimu wa hesabu wanafundisha jambo moja, ila hakuna aliyewakutanisha.

Fundi wa umeme hali kadhalika. Birika la wati 2000, likiunganishwa na umeme wa volti 230, huvuta mkondo wa karibu ampea 9. Mwenye nyumba akiongeza pasi na jiko dogo kwenye soketi iyo hiyo kwa waya wa kuunga, mkondo unaopita katika waya ule mmoja hupanda mara mbili au zaidi. Na kanuni ya fizikia inasema kwamba mkondo ukizidi mara 2 joto la waya huzidi mara 4. Ndiyo sababu fundi mwenye ilimu hatumii kwa soketi waya mwembamba wa taa, japo ni wa bei nafuu na mteja anamsihi apunguze gharama, na ndiyo sababu hawezi kukubali mtu aondoe kikata umeme kinachojizima kila mara na kutia kikubwa zaidi ili kisisumbue. Kikata umeme hicho kinalilinda paa la nyumba. Anayekijua kisa chake ameielewa fizikia kwa kina ambacho mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kukipima.

Na katika kazi kubwa za nchi akili hiyo hudaiwa kwa ukali zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2115. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1443, na viungo vyake huchomelewa kisha vikakaguliwa kwa vyombo vinavyoona ndani ya chuma, kwani ufa usioonekana kwa jicho unaweza kuleta hasara isiyokadirika. Mchomeleaji anayekubaliwa kwenye kazi ya namna hiyo hupimwa kabla ya kuajiriwa, na cheti chake hutaja ni namna gani ya uchomeleaji aliyofuzu. Miradi kama hiyo inapokosa watu hao nchini huwatafuta ng'ambo, na ujira wao huondoka pamoja nao.

Jambo la pili ni njia ya mbele, na hapa wazazi wengi wamedanganyika kwa kudhani kwamba aliyeingia ufundi ameaga masomo. Tanzania ina ngazi 10 za sifa za ufundi. Tatu za kwanza ni za ufundi stadi, ambazo humtoa fundi mchundo, yaani mtu wa kufanya kazi kwa mkono wake kwa ustadi. Ya nne hadi ya sita ni za fundi sanifu, ambaye husoma michoro, husimamia mafundi wengine na hupata stashahada. Ya nane ni shahada ya kwanza, na ya kumi ni uzamivu. Aliyemaliza Kidato cha Nne akiwa amefaulu hesabu na fizikia aweza kuingia DIT au Chuo cha Ufundi Arusha, akatoka na stashahada baada ya miaka 3, akaajiriwa au akaendelea hadi uhandisi. Na aliyeanza chini kabisa, katika chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, aweza kupanda ngazi moja baada ya nyingine akiwa na sifa zinazotakiwa. Hata fundi aliyejifunzia chini ya mwembe hakuachwa, kwani upo utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima mtu kwa kazi anayoijua na kumpa cheti chake. Mhandisi aliyepita karakana kabla ya kufika chuo kikuu ana hazina ambayo mwenziwe huitafuta kwa taabu: akichora kitu, anajua kama kinaweza kutengenezwa.

Jambo la tatu, hali ya maisha, lahitaji ukweli mtupu. Ufundi una siku za njaa. Mteja hukopa kazi, vipuri hupanda bei, na fundi asiyeweka hesabu aweza kufanya kazi mwaka mzima asijue amepata au amepoteza. Anayeficha habari hizi ili kuwavuta vijana atawapoteza mara mbili, kwanza wao, kisha ndugu zao watakaosimuliwa. Afadhali waambiwe pamoja na hayo kwamba shahada ya ofisini nayo haina tena dhamana ya kiti, na kwamba fundi anayeshika miadi, anayeandika makadirio ya gharama kwenye karatasi na kurudisha chenji ya vifaa, hukosa usingizi kwa wingi wa simu. Tofauti kati ya fundi anayeheshimiwa na yule anayesemwa vibaya, mara nyingi, si mkono bali uaminifu. Nao waweza kufundishwa pamoja na msumeno.

Baada ya hayo, lini na vipi mwanafunzi aelezwe? Wakati unaofaa ni Kidato cha Kwanza na cha Pili, wala si baada ya mtihani wa mwisho. Katika utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi anapopanda Kidato cha Tatu huruhusiwa kuacha baadhi ya masomo, na wengi huiacha fizikia kwa kuiogopa, wasijue kwamba siku ile wameifunga milango ya umeme, mitambo na ujenzi katika vyuo vya kati. Wasichana ndio waathirika wakubwa, kwa kuwa huambiwa mapema na kwa upole kwamba fizikia ni ya kaka zao, na kwa muda mrefu ufundi waliofunguliwa wao ulikuwa ni wa cherehani na jiko tu. Cherehani na jiko ni kazi za heshima. Dhuluma ni kuzifanya uzio. Msichana aliyekwisha kumwona dada mwenye ovaroli akikereza chuma kwenye mashine, akakipima kwa kalipa na kukirudisha tena kwa sehemu ya milimita, hahitaji hotuba ndefu juu ya usawa.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imelitambua jambo hili kwa kuweka katika sekondari mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, na mkondo wa amali ulianza na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza mwaka 2024. Ni hatua ya kusifiwa. Ila mafanikio yake yatategemea vitu visivyoandikwa katika sera, yaani mashine zinazofanya kazi, malighafi ya kuharibu wakati wa kujifunza, na walimu waliopata kuishi kwa ufundi wanaoufundisha. Pale ambapo wanafunzi 40 wanaizunguka mashine moja iliyoharibika, huku mwalimu akichora mfano wake ubaoni, hakuna ufundi unaofundishwa, na uvumi wa hali hiyo utaenea upesi kuliko tangazo lolote. Vile vile mkondo huo ukijazwa wale tu waliopata alama za chini, tutakuwa tumeihamisha nasaha ya mjomba kutoka Kidato cha Nne hadi cha Kwanza.

Ujerumani imefaulu katika hili kwa sababu mwajiri ni mshiriki tangu mwanzo. Kijana hutia saini mkataba na kampuni au karakana, hufanya kazi huko sehemu kubwa ya juma akilipwa posho, na siku zilizobaki huenda shule ya ufundi, kwa muda wa miaka 3 hivi, kisha hufanya mtihani unaotambuliwa nchi nzima. Kwetu uanagenzi upo, na waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Kinachopungua ni malango ya viwanda kufunguliwa kwa wanafunzi wa sekondari wangali wanachagua. Maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane, ambako VETA huonyesha kazi zake, yana faida, lakini mtoto hupita kwenye banda kwa dakika chache akashangaa na kuondoka. Siku moja kamili ndani ya karakana, akapewa tupa na kipande cha chuma kwenye jiriwa, akatakiwa akisawazishe mpaka mwanga usipite chini ya rula, itamweleza juu ya nafsi yake zaidi ya vipeperushi vyote: ama ataipenda kazi hiyo, ama atajua kwamba si yake, na yote mawili ni faida.

Yaliyobaki yako katika uwezo wa mzazi wa kawaida, bila kungoja bajeti ya serikali. Katika kikao cha wazazi wa Kidato cha Pili, ambacho aghalabu humalizika kwa michango na nidhamu, asimame mzazi mmoja aulize maswali matatu. Mtoto wangu akiacha somo hili, ni vyuo gani hatavipata tena? Ni karakana au kiwanda gani kilicho karibu ambacho darasa hili litakitembelea kabla ya mwaka kwisha? Na ni nani miongoni mwa waliosoma shule hii, aliyefaulu vizuri kisha akaenda ufundi kwa hiari yake, anayeweza kualikwa aje awaeleze wadogo zake anafanya nini, amepitia ngazi zipi na anaishi vipi? Mkuu wa shule asiye na majibu siku hiyo apewe muhula mmoja wa kuyatafuta, na mzazi aliyeuliza akumbuke kurudi kuyadai.